Ushabiki wa mpira Mombasa: kutoka Feisal mpaka barazani

Jumamosi jioni ukilipa kisogo lango la Ngome ya Yesu ukashika Ndia Kuu kuingia Mji wa Kale, huna haja ya kumuuliza mtu nani anacheza na nani. Kelele zitakwambia. Televisheni imegeuzwa dirishani ikatazama njia, baraza imejaa, waliokosa nafasi wameegemea pikipiki zao, na mwenye kahawa anapita na dele lake akigonganisha vikombe kama kawaida yake, ila leo anasimama muda mrefu zaidi kwa sababu naye ana timu. Jezi nyingi ni nyekundu, maana Liverpool, Arsenal na Manchester United zote huvaa nyekundu, na mgeni anaweza kudhani mtaa mzima ni wa klabu moja. Akae dakika tano tu, atajua si hivyo.

Saa hiyohiyo, mwendo mfupi wa tuktuk kutoka hapo, huenda Bandari FC wamo uwanjani Mbaraki wanacheza mechi ya Ligi Kuu ya Kenya. Ni timu ya mji huu, ina watoto wetu ndani yake, na kiingilio chake si pesa ya kumkondesha mtu. Nafasi za kukaa zipo tele.

Watu wanaoandika juu ya jambo hili huishia kuwalaumu vijana kwamba wametekwa na Uingereza. Mimi naona hadithi ni ndefu kuliko hivyo, na lawama zina wenyewe wengi, mmoja wao akiwa ni mimi. Makala haya yanaeleza ushabiki wa Mombasa umetoka wapi, unaendeshwa vipi, na kwa nini Mbaraki kuna nafasi.

Kabla ya mpira palikuwa na ngoma

Mombasa haikufundishwa ushabiki na Waingereza. Huu ni mji uliokuwa umegawika zamani, Miji Mitatu upande huu na Tisa Taifa upande ule, kila upande na wakubwa wake na masimulizi yake ya nani alimtambia nani. Kisha mwishoni mwa karne ya 19 ikaingia beni, ngoma ya tarumbeta na sare za kuigiza askari, na vijana wakagawika tena, Kingi na Skochi. Kina mama walikuwa na lelemama, na katika karne ya 20 vyama vyao vilivyovuma mjini ni Ibinaal Watan na Banu Saada. Waulize nyanya zenu waliobaki. Wengine mpaka leo ukitaja moja ya majina hayo uso unabadilika.

Vyama vile vilishindana kwa mavazi, kwa karamu, kwa nyimbo za kumsimanga mpinzani bila kumtaja jina. Mtu alikuwa radhi atoe cha nyumbani ili upande wake usiaibike hadharani. Lakini mpinzani hakuwa adui. Alikuwa jirani, pengine shemeji, na asubuhi yake mnakutana mazikoni mnapokezana jeneza. Ukikaa barazani leo ukasikia shabiki wa Arsenal anavyomchoma mwenzake wa Chelsea kwa mafumbo, mkono mmoja ukiwa umeshika kikombe alichonunuliwa na huyohuyo anayemchoma, ujue unasikiliza kitu kikongwe kilichovaa jezi mpya.

Feisal, na Liverpool ya kwetu

Ligi ya taifa ya Kenya ilianza 1963, mwaka uleule wa uhuru. Bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars, wa pili Luo Union. Mwaka wa tatu, 1965, ubingwa ulikuja Mombasa, na walioubeba ni Feisal. Tangu hapo hakuna klabu nyingine ya Pwani iliyoupata.

Klabu nyingine iliyotajwa sana mjini siku zile ilikuwa Liverpool. Ndiyo, Liverpool, wala sisemi ile ya Anfield; nasema Liverpool ya Mombasa, ambayo baadaye ilibadili jina ikawa Mwenge. Kuazima majina ya Waingereza ilikuwa desturi ya pwani nzima. Simba ya Dar es Salaam iliitwa Sunderland mpaka 1971. Kwa hivyo kijana wa leo akiambiwa ameiga Uzungu anaweza kujibu kwamba wazee ndio walioanza. Tofauti ni kwamba wazee waliazima jina peke yake. Timu waliibeba wenyewe, kwa michango yao, kwa viatu vya kununuliana, kwa mchezaji kulishwa nyumba hii leo na nyumba ile kesho.

Ami yangu mmoja, Allah amrehemu, alikuwa Feisal damu. Nilipokuwa mdogo klabu yenyewe ilikuwa imeshapoteza makali, lakini yeye aliizungumza kama imecheza jana. Alisema wiki ya mechi na Liverpool alikuwa haingii nyumba ya dada yake, kwa kuwa mume wa dada alikuwa upande wa pili, na chakula alipelekewa barazani. Mechi ikiisha, aliyeshindwa ndiye aliyekwenda kwa mwenzake, akakaa, akasimangwa, akala. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria. Jina la Ali Kajo, winga wa Feisal aliyeichezea timu ya taifa, nililijua kabla ya kumjua mchezaji yeyote wa Ulaya, na nililijua kutoka kinywani mwa ami, wala si gazetini.

Naitaja habari hii kwa sababu moja. Ami hakuwa amewahi kucheza Feisal wala hakuwa na cheo ndani yake, lakini alisema "sisi". Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Pesa yake ilikuwamo, na wachezaji aliwajua kwa majina ya mama zao.

Timu ya mtaa, timu ya kazini

Kilichoipunguza timu ya mtaa hakikuanzia kwenye televisheni. Kilianza na mshahara. Makampuni na mashirika yalipoanza kuunda timu, mchezaji aliahidiwa kitu ambacho mtaa hauwezi kumpa: kazi. Bandarini palikuwa na LASCO, kisha Cargo ya kampuni ya kupakua mizigo, na mwisho Bandari yenyewe, mali ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Nairobi palikuwa na timu ya kampuni ya bia, ya posta, ya benki. Kijana mwenye kipaji kutoka Kibokoni au Majengo alikuwa mjinga akikataa. Mama yake anataka kodi ya nyumba, hataki kombe.

Wengine walivutwa na klabu kubwa za bara. Mahmoud Abbas, kipa wa Mombasa aliyeitwa "Kenya One", aling'ara akiwa AFC Leopards na alikuwa langoni Kenya ilipochukua Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Ndiyo sababu utakuta wazee wa Mji wa Kale wanaojiita Leopards hata leo. Walimfuata mtoto wao.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati yetu na Gor Mahia au Leopards. Gor iliundwa 1968 kwa kuunganisha klabu za jamii, na Leopards ilianza 1964 kama Abaluhya. Hizo ni klabu za watu. Zikifilisika watu wanachanga, zikishuka watu wanalia, na zikija Mbaraki uwanja unajaa wageni wenye nyimbo, wakazi wa hapahapa Mombasa lakini wenye timu yao. Nimekaa Mbaraki siku kama hiyo nikasikia timu ya nyumbani ikizomewa nyumbani kwake.

Bandari inafanya kazi nzuri. Inalipa wachezaji, ina uwanja wake, ina vijana wanaolelewa. Lakini jaribu kumuuliza mtu wa Kuze kama Bandari ni "sisi". Atakwambia ni timu ya watu wa bandari. Na bandari yenyewe, kwa mwenyeji aliyeomba kazi hapo mara tatu bila majibu, ni jambo lenye machungu yake. Timu imebeba jina la mwajiri, na machungu ya mwajiri yanaifuata.

Televisheni ilivyokuja kujaza nafasi

Sisi tuliozaliwa karibu na 1980 tulianza na KBC, kwa kipindi cha "Football Made in Germany", mechi zilizokwisha kuchezwa zamani lakini kwetu mpya kabisa. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza kwa sura yake ya sasa 1992, na dishi za satelaiti zilipofika mitaani miaka iliyofuata, kila mtaa ukapata nyumba moja au kibanda kimoja chenye mechi ya moja kwa moja. Unalipa kidogo mlangoni, unakaa kwenye benchi la mbao, ratiba imeandikwa kwa chaki ubaoni. Timu za mtaa zilikuwa zimeshadhoofika. Ushabiki wetu ulikuwa hauna pa kukaa, ukapata benchi.

Watu huchaguaje klabu? Kwa nilivyoona, mara nyingi ni kaka mkubwa, na mara nyingine ni mechi ya kwanza iliyokushika. Mimi ilikuwa 26 Mei 1999, Barcelona, Manchester United walipopata mabao mawili dakika za nyongeza dhidi ya Bayern Munich. Nilikuwa kijana, nilipiga kelele mpaka jirani akabisha hodi, na tangu usiku ule nimefungwa. Wenzangu wa Arsenal wengi waliingia kwa mlango wa Kanu. Walikula raha 2004 walipochukua ligi bila kupoteza mechi, kisha wakakaa zaidi ya miaka ishirini wakilisubiri kombe lile, na hawakuhama. Nawataniana nao, lakini kwa hilo nawavulia kofia.

Kisha kuna mlango wa dini, nao si mdogo katika mji kama huu. Mohamed Salah alipotua Liverpool 2017 na kusujudu kila akifunga, nyumba ambazo mpira ulikuwa hautakiwi zilianza kuuliza matokeo. Mama yangu hajui ofsaidi ni nini, lakini alimjua Salah. Aprili 2021, Leicester walipocheza na Crystal Palace, mchezo ulisimama kidogo ili Wesley Fofana afuturu, na klipu ile ilizunguka simu zetu zaidi ya bao lolote la wiki ile.

Dini inaleta pia maswali yake. Liverpool walivaa tangazo la bia ya Carlsberg kifuani kwa karibu miaka ishirini, na nembo ya United yangu ina shetani mwekundu mwenye mkuki. Mwaka 2010 baadhi ya wanazuoni wa Malaysia waliwaonya vijana wasiivae. Kwetu sijaona mtu akitolewa msikitini, ila nimeona mzee akimgusa kijana bega na kumwambia taratibu, "Mwanangu, hilo liache nyumbani ukija kuswali." Kijana aliinama, akaigeuza jezi ndani nje palepale udhuni, akaswali. Nilihisi wote wawili walikuwa na adabu.

Adabu za baraza

Sheria haziandikwi, lakini zipo. Ya kwanza ni kwamba hubadili klabu. Unaweza kuhama mtaa, unaweza kuacha kazi, unaweza hata kuachana na mtu ukarudiana naye, lakini aliyehama klabu jina litamfuata mpaka uzeeni. Ya pili, timu yako ikifungwa lazima uje. Kujificha ni aibu kuliko kufungwa. Simu itapigwa usiku wa manane kukupa rambirambi, na dua ya kejeli utasomewa, ingawa wazee hawapendi mzaha wa maiti na huwa wanakemea. Ya tatu, mama wa mtu hatajwi. Utani una mpaka, na huo ndio mpaka wenyewe. Nimeona vita mbili tu katika maisha yangu ya barazani na zote zilianzia hapo.

Na usidhani ni mambo ya wanaume pekee kwa kuwa baraza ni ya wanaume. Nyumbani, ndani, kuna dada zetu wanaojua kikosi cha kila timu kuliko sisi. Bintiye jirani yangu huvaa jezi ya Chelsea chini ya buibui siku za mechi. Yeye hana pa kwenda kusema "sisi" kwa sauti, na hilo ni pungufu letu ambalo hatulizungumzi.

Kuna jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulijua, nalo ni saa. Mechi nyingi za Jumamosi za Uingereza huanza saa tisa mchana kwao. Kuanzia Agosti mpaka mwisho wa Oktoba, hiyo ni saa kumi na moja jioni kwetu, kwa hivyo adhana ya magharibi inaingia kipindi cha pili kikiwa kimepamba moto. Waingereza wakirudisha saa zao nyuma, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mechi inahamia saa kumi na mbili, na adhana inaangukia kipindi cha kwanza. Januari na Februari, jua letu linapochelewa kuzama, adhana na mapumziko hukaribiana sana, na hapo utaona mtaa mzima unainuka kwa pamoja, unaswali na kurudi, kama refa wa kule alipanga na muadhini wa huku. Miezi mingine mtu anapimwa. Kuna baraza zinazozima televisheni, kuna zinazopunguza sauti tu. Kila mtu anajijua.

Mtihani mkubwa niliouona ulikuwa 1 Juni 2019, fainali ya Ligi ya Mabingwa, Liverpool na Tottenham, saa nne za usiku kwetu, ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani. Tena si fainali ya kupuuza kwa Mkenya: Victor Wanyama alikuwa benchi la Tottenham, na Divock Origi, ambaye baba yake Mike Okoth aliichezea Kenya, alikuwa benchi la Liverpool. Salah alifunga penalti dakika ya pili. Origi aliingia akafunga la pili dakika ya 87. Nilikuwa kwenye safu ya msikiti, nyuma kabisa, na nilijua matokeo bila ya kushika simu, kwa sauti iliyotoka mitaani ikapita juu ya paa. Imamu hakubabaika. Mimi nilibabaika.

Mkeka

Haya yote nimeyaeleza kwa mapenzi. Kuna jambo moja sina mapenzi nalo, nalo ni kamari.

Suratul Maida, aya ya 90, imelikata jambo hili na sina la kuongeza. Nataka niseme habari yake upande wa mpira, kwa sababu hapo watu hawaangalii. Mtu anayecheza mkeka hana klabu. Jumamosi ana timu kumi na mbili, mbili za Ujerumani, moja ya Norway, nyingine hajui ipo nchi gani. Anashangilia kona. Anamlaani kipa wa timu aliyoisikia asubuhi. Timu yake ya tangu utoto ikiwa inacheza na mkeka unataka ifungwe, atataka ifungwe. Nimekaa na watu wa namna hiyo, na baraza yao ni kimya. Kila mtu na simu yake, hakuna utani, kwa kuwa hakuna "sisi" tena, pana "mimi" na mia mbili zangu.

Kijana wa ukoo wetu alipeleka huko karo ya chuo, muhula mzima, kwa awamu, akidhani ya mwisho itarudisha za mwanzo. Hatukumfukuza. Mjomba wake alilipa, na simu yake ikakaa kwa mama yake mwaka mzima. Yupo kazini sasa, alhamdulillahi, na mpira haangalii kabisa. Anasema hawezi kuuona mpira bila kuona namba.

Wala hatuwezi kusema jambo hili lipo ng'ambo peke yake. Ligi yetu wenyewe iliishi kwa pesa ya kampuni ya kamari, na mdhamini huyo alipoondoka 2019 klabu nyingi zilibaki hoi. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa matangazo ya kamari kifuani mwa jezi baada ya msimu wa 2025/26. Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 mwishoni mwa Aprili 2025, na Agosti ya mwaka huohuo ikapata sheria mpya ya michezo ya bahati nasibu. Matangazo yanaweza kupungua. Simu itabaki mfukoni.

Mwaka ambao Mbaraki karibu ijae

Turudi kwa Bandari, maana kuna wakati walitugusa. Msimu wa 2018 walimaliza wa pili nyuma ya Gor Mahia, na 2018/19 wakamaliza wa pili tena nyuma ya Gor haohao. Januari 2019 walikwenda Dar es Salaam kwenye SportPesa Super Cup wakawatoa Simba 2-1 nusu fainali. Hapa kwetu wapo wengi wanaofuatilia Simba na Yanga kwa sababu mtangazaji anasema Kiswahili kinachoeleweka na utani wao ni kama wetu, na siku ile niliwaona watu wanaojiita Simba wakiruka kwa bao la Bandari halafu wakashangaa wenyewe. Fainali walifungwa 1-0 na Kariobangi Sharks, na Sharks ndio walioalikwa kucheza na Everton Julai ile. Bao moja. Baadaye mwaka huohuo Bandari waliwafunga Sharks na kuchukua Ngao, ambayo walikuwa wameichukua pia 2015, na tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika ikaja Mombasa.

Basi mtu akajua mtaa utawapokea. Waliwatoa Al-Ahly Shendi wa Sudan, wakawatoa Ben Guerdane wa Tunisia, na mechi zao za nyumbani wakachezea Kasarani, Nairobi, kwa sababu Mombasa hapakuwa na uwanja unaokubalika na shirikisho la Afrika. Horoya wa Guinea wakawatoa kabla ya makundi. Mapenzi yaliyokuwa yanachipuka yalitakiwa yapande treni kwenda kuangalia timu ya nyumbani.

Uwanja wa Manispaa ulifungwa ujengwe upya, na ujenzi ukaburuta miaka. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda zilipoandaa CHAN, Zanzibar ilikuwa na Amaan yake, Nairobi ilikuwa na Kasarani, na Mombasa ilikuwa na televisheni. Kasarani kwenyewe mashabiki walivunja utaratibu wa kuingia mpaka CAF ikapunguza tiketi, na wengi wetu tunakumbuka 23 Oktoba 2010, watu saba walipokufa kwa msukumano Nyayo kwenye mechi ya Gor na Leopards. Mtu atasema afadhali basi tukae nyumbani. Mimi nasema mji usiokuwa na uwanja haujifunzi hata kusimama kwenye foleni ya uwanja.

Jumamosi moja

Nimesema lawama ina wenyewe wengi. Mwanangu wa pili ana miaka kumi na minne, anacheza winga timu ya mtaa. Msimu uliopita aliniuliza asubuhi, "Baba, leo utakuja?" Nikamwambia inshallah, ile inshallah ya wavivu. United walikuwa wanacheza na Liverpool. Nilikaa barazani mpaka mwisho, tukapata tulichopata, na mwenye kahawa alipokuja kumimina kikombe cha mwisho akaniambia, "Mwanao kafunga bao leo, la kichwa." Yeye alikuwa amepita na dele lake pembeni ya uwanja. Muuza kahawa alikuwapo.

Wiki ya pili nilikwenda. Watazamaji niliwahesabu thelathini na mmoja, na mbuzi wawili wa mtu. Kocha alikuwa amenunua maji kwa pesa yake. Kando ya mstari alikaa mzee mmoja kwenye kiti cha kukunja, kofia ya vito nyeupe na fimbo mapajani, akiangalia kimya. Nilimuamkia, "Shikamoo, mzee." Aliitikia marahaba bila kuondoa macho mchezoni, kisha akaniuliza, "Hawa watoto ni wa mtaa gani?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta, na mpira uliofuata alipiga kelele akawaita kwa jina la mtaa.

Mwanangu aliniona dakika ya ishirini hivi, akajifanya hakuniona. Walifungwa mbili bila.